Utepe Kwanza, Moto Baadaye

Kama umesimama, simama vizuri. Kama umekaa, hakikisha kiti ulichokalia hakina jina la mtu, maana hadithi hii inatoka Nchi Ile, na katika Nchi Ile viti vyote vina wenyewe ambao hawajafika.

Nchi Ile ina milima, mito na misitu kama nchi nyingine, ila ina sheria moja ambayo majirani zake hawana: hakuna kitu kinachoanza kabla ya Mgeni Rasmi. Kisima kikichimbwa, maji hufunikwa mpaka aje mtu wa kuyaruhusu. Choo cha shule kikimalizika, hufungwa utepe mlangoni, na watoto huendelea kukizunguka wakielekea kichakani huku wakikisifia rangi yake. Iko zahanati moja, inasemekana, ambako mgonjwa wa kwanza alilazwa nje ya mlango akisubiri uzinduzi. Akapona mwenyewe kwa aibu, na zahanati ikamhesabu kuwa ni mafanikio yake.

Wala usidhani watu wa Nchi Ile ni wajinga. Wamefundishwa. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali, kijiji cha Mbokomo kilichota maji ya kisima kabla ya uzinduzi. Serikali, kwa masikitiko makubwa, ikakifukia kisima kile, kisha ikaja kukizindua kikiwa kimefukiwa. Watu wa Mbokomo wakapiga makofi, midomo imekauka. Tangu siku hiyo, mtu wa Nchi Ile akiona utepe, miguu yake husimama yenyewe, hata kama kichwa kinamwambia kimbia.

Ndimbo Sanguka alikuwa akiishi kwa sheria hiyo, tena akiila kama ugali. Kazi yake ilikuwa uemsii. Kati ya saa ambayo Mgeni Rasmi ameahidi kufika na saa ambayo atafika kweli huwa kuna pengo, na Ndimbo alilipwa kulijaza pengo hilo kwa mdomo. Alijua kuimba, kuiga sauti za mapadri na masheikh, kutania wanene na kuwasifu wembamba. Aliwahi kuushika umati siku nzima uwanjani mpaka binti mmoja aliyekuja hapo akiwa mchumba wa mtu akaondoka akiwa mke wa mwingine. Kijijini kwao Kisangata walimwita Kipaza.

Alikuwa na mama yake, Bi Nyamwiza, ambaye miguu ilikuwa imemgomea miaka mingi, ila mdomo haukupata habari za mgomo huo. Mdomoni mlikuwa mmebaki jino moja, mbele, la juu, nalo lilikaa pale kama balozi wa wenzake. Ndimbo alikuwa akimsukuma katika toroli lenye godoro dogo, na popote alipokwenda kusherehesha, mama aliegeshwa mstari wa mbele, kwa sababu mama alisema hawezi kumzaa mtu kwa uchungu halafu amsikie kwa mbali.

*

Kisangata imekaa mahali ambapo mtu akikimbia anakuwa na njia moja tu. Msitu wa Ngoloma umeikumbatia pande tatu, na upande wa nne kuna Mto Luvimbi, wenye mamba wasiojua itifaki. Zamani watu walivuka kwa daraja la magogo. Liliyumba, likalia, lakini likavusha bibi harusi, majeneza na ng'ombe. Kisha serikali ikajenga daraja la zege, jeupe, lenye kingo zilizopakwa rangi za bendera. Lilipomalizika, lile la magogo likabomolewa ili lisije likaonekana kwenye picha.

"Sasa tunavukaje?" watu walimuuliza Mtendaji wa kijiji, Bwana Lukomo.

"Mtavuka vizuri sana," alijibu Lukomo, "mara tu litakapozinduliwa."

Aliyetazamiwa kuzindua alikuwa Waziri wa Misitu, Moshi na Sherehe. Ili asichoke kwa safari nyingi, alipangiwa kuzindua vitu vitatu kwa mkupuo: daraja, gari jipya la zimamoto, na Mwaka wa Kutunza Misitu. Makao makuu wakamtuma kwanza Afisa Itifaki Mwandamizi, Bwana Pankrasi Kalokola, aje aandae mapokezi. Pankrasi alikuwa mtu mrefu mwenye suti ya kijivu na glavu nyeupe, ambaye hata akipiga chafya alianza kwa kuwatambua waliohudhuria. Alipofika aliutazama Msitu wa Ngoloma kwa muda, akakunja pua.

"Msitu huu haujachanwa," alisema. "Magugu, majani makavu, matawi yameanguka ovyo. Mheshimiwa apite katikati ya vurugu namna hii, akazindue utunzaji wa misitu?"

"Tutafyeka, mheshimiwa," alisema Lukomo.

"Kufyeka kunachukua muda. Chomeni pembezoni mwa barabara. Kidogo tu. Moto wa usafi."

Kwa hiyo Ndimbo akapita na spika yake ya mkononi akitangaza kwa sauti tamu kwamba kila kaya itoe mtu mmoja na kiberiti kimoja kwa ajili ya usafi wa mazingira. Watu wakatoa. Majani yakawashwa, yakawaka kwa nidhamu, kwa mstari, mpaka upepo wa kusi, ambao haukualikwa kwenye kikao cha maandalizi, ulipokuja na kuuchukua moto kwa mkono na kuuingiza msituni.

Wazee wakaenda kwa Lukomo mbio.

"Mtendaji, moto umeingia Ngoloma!"

"Moto upi?"

"Ule wetu! Wa usafi!"

"Ah, huo." Lukomo akashusha pumzi. "Mlinishtua. Huo ni moto wa serikali, ndugu zangu. Umeidhinishwa. Unajua mipaka yake."

*

Siku ya uzinduzi ilipofika, moto ulikuwa umewahi kuliko wote.

Uwanja ulikuwa kando ya mto, mbele ya daraja. Chini ya maturubai meupe paliwekwa meza kuu yenye maua ya plastiki, maji ya chupa, kuku wa kukaanga waliofunikwa kwa kitambaa, na viti vyenye mikono vilivyoandikwa vyeo. Viti vilikuwa vitupu, vimekaa kivulini kwa starehe. Kijiji kizima kilikuwa juani, kimevaa sare za kitenge zenye maneno *Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone*. Amri ilikuwa wazi: hakuna kubaki nyumbani, wazee, wagonjwa na watoto wachanga wote waje, maana Mheshimiwa hapendi kuona nafasi.

Mdomoni mwa daraja ulifungwa utepe mwekundu, mpana kama mkanda wa suruali. Uliwekwa chini ya ulinzi wa mgambo mmoja aitwaye Tabu, jirani wa Ndimbo, mwenye rungu na tumbo. Ng'ambo ya pili, juu ya mwisho wa daraja, gari la zimamoto lilikuwa limeegeshwa kwa ubavu, limeziba njia yote ili lipendeze kwenye picha. Lilikuwa jekundu, bado lina nailoni kwenye viti, nalo limezungushiwa utepe wake mweupe kama zawadi ya kipaimara. Zimamoto walikaa juu yake wamenyoosha sare, mikono magotini, wakiutazama moshi kwa huruma.

"Poleni sana!" Kamanda wao aliita kutoka ng'ambo.

"Leteni maji!" watu wakaita.

"Maji tunayo! Tangi limejaa! Uzinduzi ndio hatuna!"

"Sasa?"

"Tuko pamoja nanyi!"

Ndimbo akaichukua maiki, akakohoa, maana koo lilikuwa limeanza kuwasha. "Jamani, wapigieni makofi zimamoto wetu kwa kuwa pamoja nasi kutoka kule waliko!" Watu wakacheka, wakapiga. Bi Nyamwiza, ndani ya toroli lake, akajifunika kanga puani.

"We Ndimbo."

"Naam, mama."

"Nanusa harufu ya Ngoloma."

"Ni ukungu, mama."

"Ukungu una majivu, baba? Mimi nimepika miaka hamsini, usinifundishe harufu ya kitu kinachoungua."

Kweli majivu yalikuwa yameanza kushuka, laini, juu ya sare na nywele. Ndimbo akamwendea Pankrasi, aliyekuwa akinyoosha kitambaa cha meza kuu.

"Kaka Pankrasi, samahani. Moto unakaribia."

Pankrasi akafumba macho kama mtu aliyesikia tusi msibani. "Neno hilo halimo kwenye ratiba."

"Halimo, lakini limo msituni."

"Usilitaje kwenye maiki. Ukibanwa sana, sema kuna uangavu upande wa mashariki." Akafungua macho, akamshika bega kwa upole. "Na uwashike watu, emsii. Mheshimiwa akikuta wamepungua hata mmoja, mimi na wewe tutakuwa tumezinduliwa vibaya."

*

Basi Ndimbo akawashika.

Akawaimbisha. Akaigiza mkwe aliyefumaniwa akinywa uji wa mtoto. Akamtania mgambo Tabu kwamba tumbo lake lilizinduliwa na Mawaziri wawili. Watu walicheka, na kila walipocheka walimeza moshi, wakakohoa, wakacheka tena kwa kukohoa kwao. Alipotulia kuvuta pumzi, akasikia kitu nyuma ya kelele: msitu ulikuwa ukilia. Ulilia kama mafuta kikaangoni, na mara kwa mara mti mkubwa ulipasuka kwa mshindo, na watu wakageuka wote kwa pamoja, halafu wote kwa pamoja wakamgeukia yeye, kama watoto wanaosubiri baba awaambie kwamba ule ni upepo.

Hapo ndipo Ndimbo alipoijua kazi yake. Akinyamaza, watu hawa watatawanyika, nao hawana pa kutawanyikia isipokuwa motoni, kwa mamba au kwenye utepe. Akiendelea, wataungua wakicheka. Alikuwa amesimama mbele ya kijiji chake kama fundo kwenye kamba, na kamba yenyewe ilikuwa mdomo wake.

Wanyama ndio waliovunja itifaki kwanza. Digidigi walitoka msituni wakiwa na macho kama sahani, wakakatiza uwanjani, wakapita chini ya utepe, wakaingia darajani. Wakafuata nyani, mama zao wamebeba watoto tumboni. Mwisho akaja nguruwe mwitu mkubwa, hakumsalimu mtu, akapita katikati ya miguu ya mgambo Tabu na kuvuka. Ng'ambo kule walipenya chini ya gari la zimamoto, wakaenda zao.

"Tabu!" aliita Bi Nyamwiza. "Mbona hao umewaacha?"

"Bibi, sina maelekezo kuhusu wanyama."

"Na mimi?"

"Wewe una maelekezo, bibi. Usivuke."

"Haya. Mwenyezi Mungu alinikosea. Angeniumba nguruwe, leo ningekuwa ng'ambo nakula viazi vya watu."

Watu wakaangua kicheko, lakini kilikuwa kicheko chembamba, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni hakucheka. Alipiga hatua moja kuelekea kwenye utepe. Mgambo Tabu akainua rungu, jasho linamtiririka.

"Dada, usinifanyie hivyo. Ukipita, watalibomoa. Unakumbuka Mbokomo."

Yule mwanamke akakumbuka Mbokomo. Akarudisha mguu.

*

Simu ya Pankrasi ikaanza kulia. Aliipokea kwa mikono miwili, akiinama kama aliyempigia anamwona, kisha akamnong'oneza Ndimbo, naye Ndimbo akatangaza.

"Ndugu wananchi! Mheshimiwa Waziri amepata udhuru! Atawakilishwa na Naibu Waziri!"

Makofi. Kikohozi.

Simu ikalia tena.

"Mheshimiwa Naibu Waziri yuko kwenye semina ya kuzuia uangavu misituni, nayo imenoga! Atawakilishwa na Katibu Mkuu!"

Makofi. Turubai la mwisho likaanza kujikunja pembeni, kwa joto.

Simu ikalia.

"Katibu Mkuu alikuwa njiani, gari lake limeona moshi likageuka lenyewe! Atawakilishwa na hotuba yake! Hotuba inakuja kwa pikipiki!"

"Na pikipiki itawakilishwa na nani?" aliuliza Bi Nyamwiza.

Simu ikalia mara ya mwisho, na Pankrasi safari hii akatabasamu mpaka fizi. "Mheshimiwa Waziri amesikia kwamba watu wa televisheni nao wanakuja. Amebadilisha. Anakuja mwenyewe!" Kisha simu ikakatika, kwa kuwa mnara wa mawasiliano, uliokuwa juu ya kilima cha Ngoloma, uliinama polepole mbele ya macho yao, ukaingia ndani ya moto kama mzee anayeingia kuoga.

"Kaka Pankrasi," alisema Ndimbo, "wewe si mtu wa makao makuu? Zindua wewe. Kata tu. Mama yangu yule pale. Magurudumu ya toroli hayaogelei."

Pankrasi alitazama toroli. Kwa mara ya kwanza uso wake ukafanana na uso wa mtu. "Ningependa sana," alisema. "Wallahi ningependa. Lakini mimi ndiye ninayempokea Mgeni Rasmi. Nikiwa Mgeni Rasmi, nani atanipokea? Nitajipaje mkono?" Akatazama glavu zake, ya kulia na ya kushoto. "Vumilia, ndugu yangu. Haraka haraka haina baraka."

*

Moto ukatoka msituni.

Ulitoka juu, kwenye vilele vya miti, halafu ukashuka chini kwa ngazi za matawi. Ulitanguliwa na upepo wa moto na vumbi, kama ving'ora na pikipiki zinavyowatangulia wakubwa. Kila kitu kiliupisha. Nyasi ziliinama. Ukuta wa shule ukapasuka. Ukaja moja kwa moja, haukuuliza njia, haukumtazama mwanakijiji yeyote usoni, ukaenda kwenye maturubai. Ukapanda meza kuu. Ukafunua kitambaa, ukaanza na kuku.

Kijiji kizima kilirudi nyuma, mgongo kwenye utepe, kifua kwenye joto. Mgambo Tabu alikuwa akilia huku ameinua rungu. Watoto walibanwa katikati, na toroli la Bi Nyamwiza lilisukumwa mpaka gurudumu likagusa zege la daraja. Hapo likasimama, kwa sababu utepe ulimkata mama kifuani, na watu waliokuwa nyuma yake, hata wakiungua, hawakuthubutu kumsukuma apite.

Ndimbo aliona moto unakalia kiti kilichoandikwa MGENI RASMI. Ukakaa vizuri, ukaweka mikono pande zote mbili.

Alishawaona wageni rasmi wengi maishani, Ndimbo. Akautazama huu kwa jicho la kazi. Umechelewesha watu. Umekuja kwa kishindo. Umekaa mbele. Unakula peke yako. Haujauliza hali ya mtu.

Akaiacha maiki yenye waya, akachukua spika yake ya mkononi, na sauti iliyotoka haikuwa ya mzaha. Ilikuwa ile sauti yake nzito ya meza kuu.

"Ndugu wananchi, naomba tusimame! Mgeni wetu Rasmi amewasili!"

Miguu ya Kisangata, iliyofundishwa, ikasimama. Mikono ikapiga makofi kabla ya vichwa kuuliza. Mwanamke mmoja akatoa kigelegele kwa mazoea tu, wengine wakamwitikia, na wapiga matarumbeta, ambao walilipwa kupiga pindi watakaposikia maneno hayo, wakapuliza.

"Tunakushukuru, Mheshimiwa Moto, kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kutuona! Tunaona umeshapata chakula! Karibu sana! Na kwa kuwa Mheshimiwa ana mambo mengi, na hotuba yake ni ndefu, utepe utakatwa kwa niaba yake na mama yetu Bi Nyamwiza!"

Pakawa kimya, isipokuwa Mheshimiwa, ambaye aliendelea kunguruma.

Macho yote yakamgeukia Pankrasi. Yeye alisimama kati ya meza kuu na daraja, nyusi zimeungua ncha, akihesabu kichwani: mgeni ametangazwa, amepokelewa, ameketi, amekula, ametoa mwakilishi. Alitafuta kosa kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni nyumba ikiungua. Hakuliona. Midomo yake ikasema yenyewe maneno ambayo ilikuwa imeyasema maisha yake yote:

"Itifaki imezingatiwa."

Akamletea Bi Nyamwiza mkasi wa dhahabu juu ya mto wa hariri. Bi Nyamwiza akaushika, akauingiza kwenye utepe, akabana. Utepe ukakunjamana tu. Akabana tena.

"Ndimbo! Huu mkasi haukati!"

"Haujawahi kukata," alisema Pankrasi kwa sauti ndogo. "Ni wa picha. Huwa tunakata kwanza kwa wembe, halafu tunashikilia na pini."

"Wembe uko wapi?"

Pankrasi akaonyesha meza kuu, ambayo haikuwepo tena.

Bi Nyamwiza akautupa mkasi mtoni, kwa mamba. Akauvuta utepe kwa mikono miwili, akautia mdomoni pale balozi alipokaa, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa kama mbwa aliyekamata kanga. Utepe ukalia *kwacha*. Na Kisangata yote ikamwagika darajani.

*

Ukidhani hapo ndipo walipookoka, huijui Nchi Ile.

Walikimbia mpaka mwisho wa daraja na kukuta gari la zimamoto limekaa kwa ubavu, ukingo hadi ukingo. Chini ya gari digidigi anapenya, toroli halipenyi. Nyuma yao moto ulikuwa umeshafika mdomoni mwa daraja, na zege likaanza kupata joto miguuni. Chini, mamba walikuwa wamejipanga kama watu waliokatiwa tiketi.

"Kamanda, sogeza gari!"

"Jamani, nawaelewa. Lakini likiwashwa limetumika, na likitumika kabla ya uzinduzi mimi nimekwisha. Poleni sana!"

"Usituambie poleni, sogeza gari!"

Wakati huohuo ving'ora vikalia ng'ambo. Waziri wa Misitu, Moshi na Sherehe alikuwa amefika, baada ya kuzunguka kwa ng'ambo kuukwepa moto wa msituni, kwa msafara wa magari meusi, akiwa na watu wa televisheni, mkasi wake mwenyewe na hotuba yake mkononi. Alipandishwa juu ya kiti ili aone. Akaona kijiji kizima kimesongamana juu ya daraja ambalo yeye hajalifungua.

"Nani amekata utepe wangu?"

Moshi ukapita kati yao.

"Sikuja kugombana," alisema Waziri kwa upole wa hali ya juu. "Serikali yenu ni sikivu. Rudini tu nyuma ya pale utepe ulipokuwa, mjipange, ufungwe upya, tuanze kama inavyotakiwa. Emsii yuko wapi? Emsii, warudishe watu."

Na sasa sikia jambo la kutisha kuliko moto. Watu walianza kurudi. Hatua moja, kisigino nyuma, kuelekea kwenye joto. Hawakutaka. Nyuso zao zilikuwa zikikataa, machozi yanawatoka, lakini miguu ilikuwa imesikia sauti iliyoizoea, ikarudi. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alirudi. Mgambo Tabu alirudi. Ndimbo akahisi umati unamvuta kama maji yanavyovuta mchanga chini ya nyayo, na akaona mkono wake mwenyewe unainua spika kwenda mdomoni, maana nao ulikuwa mkono uliofundishwa.

"Ndimbo," alisema mama yake. Hakupiga kelele. "Mara moja tu tangu nikuzae, nyamaza."

Akanyamaza.

Kimya hicho hakuna mtu wa Kisangata aliyewahi kukisikia. Kipaza amenyamaza! Walishtuka kuliko waliposikia miti ikipasuka. Miguu ikasimama, kwa sababu hapakuwa na sauti yao wenyewe ya kuisukuma nyuma. Ilibaki ya Waziri peke yake, nayo kwa mbali, ikipigwa na upepo, ilikuwa sauti nyembamba tu ya mtu aliyesimama juu ya kiti.

"Sukuma, baba," alisema Bi Nyamwiza. "Jino lipo."

Ndimbo akasukuma toroli mpaka kwenye ubavu wa gari. Mama akaushika utepe mweupe, akafumba jicho. *Kwacha.*

"Limezinduliwa!" alipiga ukelele Kamanda, na kumbe mtu huyu alikuwa akiombea neno hilo tangu asubuhi, kwani alirukia usukani na viatu vyake vilivyong'arishwa, akawasha, akarudi kinyumenyume kwa kasi mpaka akalikwangua gari la Waziri. Njia ikawa wazi. Watu wakapita. Walipita kushoto na kulia kwa Waziri bila kumsukuma na bila kumtazama, wakiwa wamebeba watoto na sufuria. Naye, kwa kuwa kamera zilikuwa zimeshawashwa, akafunua hotuba yake na kuanza: "Ndugu wananchi mliofurika hapa…"

Daraja likabaki tupu. Upande mmoja alisimama Waziri, upande wa pili Mheshimiwa Moto, wageni rasmi wawili wanatazamana, wote wawili wananguruma. Katikati alikuwa Pankrasi, suti inatoa moshi, akigeuka huku na huku, maana katika maisha yake yote hakuwahi kuelekezwa ni nani kati ya hao anayetangulia kuzungumza.

*

Walipelekwa kwenye kiwanja cha mpira cha ng'ambo, wakaambiwa wakae chini. Kisangata walikaa, wakiwa weusi kwa masizi, wakaitazama Kisangata ikipanda angani. Hapakuwa na mtu wa kuwatania. Ndimbo alimwegesha mama yake mstari wa mbele kwa mazoea.

Mbele yao kulikuwa na lori la mablanketi, maji na unga. Kijana mmoja nadhifu kutoka makao makuu akaja na spika mpya, akamkabidhi Ndimbo.

"Wewe ndiye emsii? Vizuri. Wachangamshe kidogo. Msaada upo, umeshafika, ila tunasubiri Mgeni Rasmi wa msaada."

Ndimbo alitazama lori. Lilikuwa limefungwa utepe, wa buluu safari hii, umeviringishwa mara mbili. Pembeni mgambo mgeni, asiyemjua, alikuwa ameshika rungu. Watoto walikuwa wameanza kulia kwa kiu. Akaiweka spika chini, kwenye majani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

Bi Nyamwiza alikuwa akilipima lori kwa macho. Akapitisha ulimi kwenye jino lake, akalijaribu kwa kidole kama anajaribu makali ya kisu.

"Baba," alisema, "nisogeze karibu."